SOMO: KUREJESHA HAKI NA KUMTENGENEZA KIJANA ALIYEKOSA

Haki ni za namna mbili: haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya waja. Ya kwanza husamehewa kwa toba ya kweli. Ya pili haimtoki mtu shingoni mpaka airejeshe kwa mwenyewe, au mwenyewe amsamehe. Hata mtoto asiyebaleghe, ingawa hana dhambi, alichokiharibu hulipwa katika mali yake.

Suratul Anbiyaa imetaja kisa cha kondoo waliolisha usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Daud (a.s.) aliamua mwenye shamba apewe kondoo hao. Ama Nabii Suleiman (a.s.) aliamua mwenye shamba anufaike kwa maziwa na sufi yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe chake. Basi mkosaji hakufilisiwa, wala aliyedhurika hakupotezewa haki yake.

Maana iliyo karibu na hiyo imo katika miji ya Minneapolis na Saint Paul, Marekani, wanakoishi Waislamu wengi wenye asili ya Somalia. Mwaka 1994 idara ya magereza ya jimbo la Minnesota ilimweka Bibi Kay Pranis kuipanga njia hii, na mwaka 2023 baraza la kutunga sheria likaiundia ofisi maalumu. Utaratibu wake ni huu:

Kwanza, kijana akiri kosa kwa hiari yake.

Pili, aliyedhulumiwa aalikwe wala asilazimishwe, kwani msamaha wa kulazimishwa si msamaha.

Tatu, wazazi na majirani wakae naye duarani, kila mmoja aseme kwa zamu. Desturi hii imetoka kwa wenyeji wa asili wa Canada.

Nne, yaandikwe mapatano: kuomba radhi, kulipa, au kuutumikia mtaa. Akitimiza, mara nyingi huepushwa na hukumu. Asipotimiza, shauri hurudi mahakamani.

Basi na azingatie mzazi aliye ugenini. Akilipa kimya kimya kwa kuogopa aibu, ameziba tundu la mali na kuliacha la moyo. Amsaidie mwanawe asiyekuwa na uwezo, lakini mkono ulioharibu ndio utengeneze. Na akishatubu na kurejesha haki, arudishwe katika walaya ya ndugu zake, wala asisimangwe kwa kosa alilokwisha kulitubia. Kwani asiyefunguliwa mlango wa kurudi, hutafuta mlango mwengine.

Wallahu aalam.