Misingi Haigeuki, Njia Hugeuka

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na Masahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu wasomaji, wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa kila jambo jipya katika uendeshaji wa mambo ya umma ni bidaa ya kukimbiwa. Na wako wengine wanaodhani kuwa dini ni nguo ya kale, haiufai mwili wa leo. Makundi haya mawili yamekosea kwa sababu moja: hayakupambanua baina ya misingi na njia. Uadilifu, amana, shura na kuhifadhi haki za wanyonge ni misingi, nayo haigeuki. Ama njia za kuisimamisha hufuata hali za watu. Dalili yetu ni utawala wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), aliyeshika ukhalifa tangu mwaka wa 13 Hijria (634) hata mwaka wa 23 (644).

Kwanza, maandishi. Dola ilipopanuka, Abu Musa Al-Ash'ari, liwali wa Basra, alilalamika kuwa barua za Khalifa zamfikia bila ya tarehe, hata haijulikani ipi ni ya kwanza na ipi ni ya baadaye. Sayyidna Umar akawakusanya Masahaba, wakashauriana, na wakakubaliana kuhesabu miaka tangu Hijra ya Mtume (S.A.W.). Kalenda tunayofungia Ramadhani leo ilizaliwa na haja ya ofisi. Kisha mali ilipozidi katika Baitulmali, akaweka diwani, yaani madaftari ya majina ya watu na haki zao. Utaratibu huo ulikuwa ukitumika Sham na Uajemi kabla ya Uislamu, wala Sayyidna Umar hakuukataa kwa kuwa umetoka kwa wengine.

Pili, ardhi. Iraki ilipofunguliwa, baadhi ya Masahaba, akiwamo Bilal (R.A.), walitaka mashamba yake yagawanywe kwa askari kama ngawira. Sayyidna Umar akauliza: watakaokuja baada yetu watabakiwa na nini? Wakajadiliana siku kadhaa, naye akatoa hoja katika Suratul Hashri, inayowataja pia wale wajao nyuma. Mwisho ardhi ikaachwa mikononi mwa wakulima wake, wakawa wanatoa kharaji kwa manufaa ya wote. Tazameni: wakubwa wale walikhitalifiana, na hapana aliyemkufurisha mwenziwe.

Tatu, ukame. Mwaka wa 18 Hijria (639) mvua ilikatika Hijazi, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Ramada. Sayyidna Umar alijinyima samli na nyama hata rangi yake ikabadilika. Aliandika kwa maliwali wa Sham na Iraki walete chakula. Akaakhirisha kukusanya zaka, wala hakumkata mkono aliyeiba kwa njaa. Hakuifuta hukumu ya Mwenyezi Mungu. Alijua tu kuwa masharti yake hayakutimia. Wala hakungoja njaa nyingine: liwali wake wa Misri, Amr bin Al-As, aliufukua upya mfereji wa kale uliounganisha Mto Nili na Bahari ya Sham, na nafaka ikawa inakwenda Hijazi kwa majahazi.

Sasa tazameni kinyume chake. Vitabu vilianza kupigwa chapa Ulaya kwa herufi za chuma kati ya miaka ya 1450. Ama katika dola ya Uthmaniya, Ibrahim Müteferrika alipata idhini ya Sultani Ahmed wa Tatu ya kupiga chapa vitabu vya Kituruki mwaka wa 1727, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka wa 1729. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya mia mbili na sabini. Na hata hapo, idhini haikuingia vitabu vya dini. Elimu iliyochelewa hivyo haikulipwa kwa siku moja.

Na sisi watu wa pwani tuko upande gani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezithibitisha Mahakama za Kadhi katika hukumu za ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo imetaka ndoa zetu zisajiliwe. Walakini wako wanaofungisha nikaha kwa mashahidi wawili, kisha wakaona cheti ni upuuzi. Mashahidi hufa, mume hufa, na mjane husimama mbele ya mahakama hana karatasi, na watoto wake wakahangaika. Ziko wakfu zilizowekwa kwa kauli tu. Mjukuu wa mwangalizi hukua akidhani ni mali ya babu yake. Je, huku ni kuhifadhi dini, au ni kupoteza haki? Nayo Qurani Tukufu, katika Suratul Baqara, yatuamrisha kuandika hata deni.

Basi kila kamati ya msikiti na iwe na daftari la wakfu na hesabu iliyo wazi kwa jamaa. Na kila walii asitoke majilisini kabla ya ndoa kuandikwa. Haya si kuiga wageni. Ni mwendo wa Sayyidna Umar, nasi tuna haki nao zaidi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.