Mbwa Amezaa Nyumbani: Kijitabu cha Kaya

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na jike akiachwa hujichagulia mwenyewe pa kuzalia: uvunguni mwa kitanda, nyuma ya magunia ya mkaa, au kwenye stoo ya mahindi. Mkimwona anahangaika na kuchimba chimba, mtangulieni. Mwandalieni boksi au banda dogo lenye ukingo, mbali na jiko na mbali na wanapolala watoto wenu. Tandikeni magazeti au magunia makavu ambayo hamtayaonea uchungu kuyachoma. Nyumba nyingi za Kiislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi zimeshazoea kumtengea mahali pake nje. Kiafya huo ni utaratibu mzuri, na wengine wangefaa kuuiga.

Wiki mbili za mwanzo

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii, na mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Wiki ya kwanza, pale alalapo panahitaji joto la nyuzi 30 hivi. Tanga na Mombasa joto hilo mara nyingi huja lenyewe. Njombe au Limuru mwezi wa Julai lazima mlitafute. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitenge kikuukuu inatosha. Jiko la mkaa msiliingize katika chumba kilichofungwa, kwa sababu sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu na huua watu usingizini.

Kila mtoto apate titi ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa, maana maziwa ya mwanzo ndiyo yanayompa kinga kutoka kwa mama yake. Mnyonge anayesukumwa pembeni na wenzake mwekeni kwenye titi kwa mkono. Akiwa wa baridi, mpasheni joto kwanza ndipo anyonye, kwani tumbo lililopoa halisagi maziwa.

Mama akifa au akikosa maziwa, kazi inakuwa yenu kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi mno kwa mbwa. Kwa dharura changanyeni maziwa yasiyotiwa maji, kiini cha yai na mafuta kidogo ya kupikia, huku mkimtafuta daktari wa mifugo awapatie kilicho bora zaidi. Mnyweshaji asimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maana maziwa yataingia mapafuni. Alale kifudifudi, kichwa kikiwa juu kidogo. Baada ya kunywa, futeni sehemu zake za haja kwa kitambaa chenye unyevu wa vuguvugu. Mama yake hufanya hivyo kwa ulimi, na bila hivyo mkojo hautoki.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuanzia wiki ya nne mnaweza kuanza kuwaonjesha uji laini wenye supu ya nyama au dagaa waliosagwa.

Minyoo

Hapa ndipo afya ya mbwa inapogusa afya ya watoto wenu moja kwa moja. Mbwa jike anaweza kuonekana mzima kabisa huku mabuu ya minyoo yakiwa yamelala ndani ya misuli yake. Mimba inapokomaa mabuu hayo huamka, hupenya kondo la nyuma na kuingia kwa watoto walio tumboni. Mengine hupita kwenye maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa mara nyingi huzaliwa na minyoo tayari, na akifikisha wiki tatu hivi minyoo hiyo imekomaa na kuanza kutaga maelfu ya mayai yanayotoka na kinyesi chake. Kile kitumbo kilichotuna ambacho wageni hukisifu kuwa ni shibe, mara nyingi ni minyoo.

Kwa bahati nzuri, mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo. Hukaa kwenye udongo wiki mbili au zaidi kabla ya kuiva. Ndiyo maana kuzoa kinyesi kila siku na kukifukia au kukitupa chooni kuna maana kubwa kuliko kuogesha mbwa kwa sabuni ya manukato. Mtoto anayechezea mchanga wenye mayai yaliyoiva kisha akatia kidole mdomoni, hupata mabuu yanayozurura kwenye ini, mapafu, na wakati mwingine jicho, ambako yanaweza kuharibu uwezo wa kuona. Safura ya mbwa nayo hupenya nyayo zilizo peku na kuchora mistari inayowasha kwenye ngozi.

Dawa ya minyoo hutolewa wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, na mama apewe pamoja na watoto wake. Kipimo hutokana na uzito, kwa hiyo ulizeni daktari au ofisa mifugo, msikisie. Vilevile dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe isimguse mtoto wa mbwa, inaweza kumuua. Viroboto waondolewe kwa kitana chenye meno yaliyokaribiana. Kwenye maeneo yenye funza, angalieni nyayo za mbwa kila mnapoangalia za watoto, kwani funza wanaomwingia mbwa ndio wanaowaingia watu.

Kwa wafugaji, kama wale wa Turkana na nchi ya Wamasai, kuna onyo moja zaidi: ini au mapafu yenye vifuko vya maji asipewe mbwa yeyote, hata kama analia njaa. Chomeni au fukieni chini kabisa. Humo mna mbegu ya tegu anayekomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake yanayotoka na kinyesi cha mbwa yakimwingia mtu huota vifuko vilevile katika ini lake.

Kichaa cha mbwa hakisubiri ukubwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi kwa mwaka, na wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Wengi wetu tukisikia kichaa cha mbwa tunawaza dume kubwa linalotoka mate barabarani. Lakini mtoto wa mbwa wa wiki sita anaweza kung'atwa na mbwa mzururaji usiku na asiwepo aliyeona. Wiki kadhaa baadaye anakataa kula, anajificha, au anauma kila kinachomkaribia. Kwa kuwa watoto wote wa mbwa huuma wakicheza, hakuna anayeshtuka. Anabebwa, anapakatwa, anakufa, anazikwa, na mambo yanasahauliwa.

Mtoto wa mbwa akibadilika tabia kisha akafa, waulizeni watoto wote, wenu na wa jirani, nani aling'atwa, nani alikwaruzwa na meno, nani alilambwa kwenye kidonda. Waulizeni bila kufoka, kwani mtoto anayeogopa kiboko atawaficha. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na sindano zote zimalizwe, hata kidonda kikiwa kimeshapona, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba ya kumrudisha. Mzoga msiushike kwa mikono mitupu. Mwiteni ofisa mifugo kabla ya kuufukia.

Kampeni ya chanjo inapofika kijijini, kwa mfano karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watu wengi huja na mbwa wakubwa na kuwaacha wadogo nyumbani. Wabebeni nao. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba hata walio chini ya miezi mitatu wachanjwe katika kampeni hizo; daktari atawaambia lini warudie. Muulizeni pia kuhusu chanjo ya ugonjwa wa parvo, ambao haumwambukizi mtu lakini humaliza uzao mzima kwa siku chache.

Kuwagawa

Wiki nane zinatosha kumtenganisha mtoto na mama yake. Mpeni anayemchukua kadi yenye tarehe za dawa na chanjo. Waliokosa wenyewe wasitupwe jalalani wala sokoni ndani ya kiroba. Watakaonusurika watakua bila chanjo, na watarudi kuzurura kwenye mitaa hiyo hiyo. Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo msisubiri uzao mwingine ndipo mfikirie. Muulizeni daktari wa mifugo kuhusu kumfunga uzazi siku ile ile mnapowapeleka watoto wake kuchanjwa. Upasuaji hufanyika baada ya maziwa kukauka.