Simu ya Mezani Ofisini: Namna ya Kuiweka na Kuitumia

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Darasani tumefunzwa sajili ya hospitali, ya mahakama na ya sokoni. Leo nimechagua ya simu ya ofisini, pamoja na mtambo wenyewe, kwa sababu wengi wetu tukimaliza shule kazi ya kwanza huenda ikawa ya kuketi mapokezi, na juu ya meza hiyo pana simu.

Najua kuna watakaosema, “Aa, hiyo ni ya wazee, siku hizi kila mtu ana rununu!” Kweli anayo. Lakini rununu ni ya mtu, nayo simu ya mezani ni ya ofisi. Mtu akienda likizo huenda na rununu yake. Simu ya ofisi hubaki pale pale ikimngoja mwenye shida. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi simu inayolia ni mgeni aliyepiga hodi.

1. Simu ya ofisi ni kitu gani?

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu huko Marekani mwaka wa 1876. Siku zile, ukitaka kuongea na mtu ulimwambia opereta, naye akachomeka waya kwa mkono ili kuwaunganisha. Sasa sikilizeni kisa cha Almon Strowger wa Kansas City. Bwana huyu alikuwa na biashara ya mazishi. Husimuliwa kwamba mke wa mshindani wake alikuwa opereta, na kila aliyefiwa alipomwulizia Strowger, alipelekwa kwa yule mwingine. Strowger akaona maji yamezidi unga. Akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, akapata hataza mwaka wa 1891, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa mjini La Porte, jimbo la Indiana. Iwe habari ya mke wa mshindani ni kweli au ni porojo, funzo lake ni hili: simu kulia ni jambo moja, simu kumfikia anayetafutwa ni jambo lingine.

Mtambo wa ofisini ni kama kituo hicho kilichofanywa kidogo. Ni sanduku la kutundikwa ukutani, na watu wengi huliita swichibodi. Upande mmoja huingia laini za nje, upande wa pili hutoka simu za ndani, yaani ekstensheni. Lile nililoliona mimi lilikuwa la laini tatu za nje na simu nane za ndani. Watu wanane hutosheka na laini tatu kwa sababu si wote huongea na nje kwa wakati mmoja. Wakiongea wao kwa wao, hawalipi hata senti, kwani sauti haitoki nje ya sanduku.

Laini ya nje nayo hutoka wapi? Zamani ilikuwa waya wa Shirika la Posta na Simu, ambalo liligawanywa mwaka wa 1999. Siku hizi ofisi nyingine huweka kisanduku chenye kadi ya simu kama ile ya rununu. Kisanduku hicho hunasa mawasiliano ya hewani na kuyaingiza kwenye swichibodi kwa waya wa kawaida. Ofisi kubwa hupitisha simu zao kwenye waya za kompyuta, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

2. Kuiweka

Likizo ya Aprili nilimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi, kuweka simu katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo yenye vyumba vitano. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi na kuandika vibandiko. Hatua tulizofuata ni hizi:

(a) Chora ofisi kwanza. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, mjomba alichora vyumba vyote kwenye karatasi, akauliza nani hukaa wapi na nani hupokea watu. Meza isiyo na mtu wa kudumu haikupewa simu.

(b) Tafuta mahali pa sanduku. Liwe pakavu, juu kidogo, mbali na dirisha linaloingiza mvua, na karibu na soketi ya stima. Ukiweza, lipatie betri ya akiba, maana stima ikipotea nalo hulala. Simu zenyewe za kawaida hazihitaji soketi, hupata umeme wao kutoka kwa sanduku kupitia waya zile zile za sauti.

(c) Vuta waya. Kila simu huvutiwa jozi yake ya waya mbili kutoka kwa sanduku hadi mezani. Usizipitishe bega kwa bega na waya za stima, kwa kuwa utasikia mvumo ukiongea, na tena ni hatari. Chomoa kabla ya kugusa: waya wa simu iliyotulia huwa na volti kama 48, na simu inapolia volti hupanda zaidi, zinaweza kukurusha.

(d) Chomeka na usikilize. Plagi ya simu ni ndogo kuliko ya kompyuta, nayo hulia “ta!” ikikaa sawa. Inua mkonga. Ukisikia mlio mmoja usiokatika, mambo ni shwari. Ukisikia kimya, kagua plagi zote mbili, ile ya mezani na ile ya kwenye sanduku, kabla ya kulaumu mtambo.

(e) Gawa nambari. Zetu zilianza 801 hadi 805. Mapokezi yalipewa 801 kwa kuwa ndiyo rahisi kukumbuka. Ili kupata laini ya nje, mtu hubonyeza 9 kwanza.

Hapo kwenye 9 pana mtego. Nambari ya dharura hapa Kenya ni 999, na pia 112. Mtu aliyeona moto akibonyeza 999 tu, ile 9 ya kwanza humezwa na swichibodi kuwa ni ya kuomba laini, kisha 99 pekee ndiyo huenda nje, na haimfikii yeyote. Sharti abonyeze 9 halafu 999. Mjomba aliniambia niandike hivyo kwenye kibandiko cha kila simu, kwa herufi kubwa, kwa sababu mtu mwenye hofu hakumbuki maelezo.

3. Orodha ya ukutani

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Mama yangu hufanya kazi kiwandani. Kule rununu zote huachwa langoni asubuhi, kwa hivyo anayemtaka hana budi kupiga simu ya ofisi. Mwaka jana mdogo wangu, ambaye ana pumu, alibanwa na kifua akiwa shuleni. Mwalimu wake alipiga simu kiwandani saa nne na nusu. Opereta akatazama orodha ukutani, akamwunganisha na chumba cha kupakia. Lakini mama alikuwa amehamishiwa ghala la chini majuma matatu kabla ya hapo, na chumba cha kupakia kilikuwa kimefungwa. Simu ikalia weee, hadi ikakatika. Mwalimu akapiga tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu opereta akasema, “Hapokei,” akakata.

Mama alipata habari saa kumi na moja jioni, pale langoni, alipowasha rununu yake. Mtoto alikuwa hospitalini tangu saa tano, na madaktari walikuwa wakiuliza ni dawa gani anayotumia. Jina la dawa alilijua mama peke yake. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini siku hiyo sitaisahau.

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Kule kiwandani hakuna waya uliokatika. Swichibodi ilikuwa nzima, simu ililia, opereta alikuwa kazini. Kilichokuwa kibovu ni karatasi ya ukutani, na desturi ya kudhani kwamba simu ikilia kazi imekwisha.

Nilimsimulia mjomba kisa hiki tukiwa kazini. Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha kwamba swichibodi inaweza kupewa amri: simu ikilia bila kupokewa, irudi mapokezi. Tuliiweka irudi baada ya milio mitano. Kisha tulikaa na wafanyakazi wote watano tukakubaliana mambo matatu:

– Orodha ya majina na nambari iandikwe tarehe juu yake, na anayehama chumba aibadilishe siku hiyo hiyo.
– Saa ya chakula mtu mmoja abaki karibu na 801, kwa zamu.
– Simu ikirudi mapokezi, karani asiseme “hapokei” akakata. Amtafute mtu kwa miguu, au aandike ujumbe.

Mkutano huo haukuchukua hata nusu saa, nayo kazi ya waya ilichukua siku mbili. Kwa maoni yangu, ile nusu saa ndiyo iliyokamilisha mtambo.

4. Kuitumia

Ili kumhamishia mpigaji kwa mwingine, mwambie kwanza unachofanya. Kisha bonyeza kitufe cha kuhamisha, ngoja usikie mlio, bonyeza nambari ya ndani. Mwenzako akiinua, mwambie ni nani anayeita, ndipo uweke mkonga chini. Asipoinua, bonyeza tena kitufe kile ili umrudie mpigaji. Usimwache kwenye kimya, kwani ngoja ngoja huumiza matumbo.

Someni mfano huu:

KARANI: Haloo, hii ni ofisi ya chama cha akiba, mapokezi. Tukusaidie vipi?
MPIGAJI: Habari ya asubuhi. Namtaka mhasibu.
KARANI: Nzuri, mama. Nimwambie ni nani?
MPIGAJI: Mwambie ni mwanachama, mama wa mboga kutoka sokoni.
KARANI: Haya mama, usikate, nakuunganisha. (Baada ya muda) Mama, bado uko? Mhasibu hayuko mezani kwake. Utangoja kidogo ama nichukue ujumbe?
MPIGAJI: Chukua tu. Nambari yangu ya uanachama ni tatu, tano, sita, saba. Nauliza kama mkopo wa karo umepita.
KARANI: Nimeandika tatu-tano, sita-saba. Ni sawa?
MPIGAJI: Sawa kabisa.
KARANI: Nitampa mimi mwenyewe, naye atakupigia kabla ya saa nane. Asante kwa kupiga, mama.

Je, mmeona sifa za lugha hii? Sentensi ni fupi. Karani ametaja ofisi kabla ya kuulizwa. Ametumia neno la heshima, “mama”. Amerudia nambari, na hilo si bure: katika laini yenye mvumo, “tatu” na “tano” huanza kwa sauti moja, vivyo hivyo “sita” na “saba”. Tena ameahidi saa. Ujumbe aliouandika uwe na mambo haya: jina la mpigaji, nambari yake, saa aliyopiga, shida yake, na jina la aliyeupokea.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini simu nane za ndani zinaweza kutosheka na laini tatu za nje?
2. Ofisi fulani hubonyeza 9 kupata laini ya nje. Eleza kitakachotokea mtu akibonyeza 999 pekee, na afanye nini badala yake.
3. Badilisha jibu hili la opereta liwe la adabu na la msaada: “Hapokei.”
4. Nenda kwenye ofisi yoyote unayoijua, uombe kwa heshima kuona orodha ya simu ukutani. Je, ina tarehe? Wote walioandikwa bado wamo katika vyumba hivyo?

Swali la nne ndilo ninaloliomba zaidi. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Asubuhi tunaacha wazazi wetu viwandani, sokoni na maofisini, na mchana mmoja wetu anaweza kuugua. Karatasi yenye tarehe ya leo haigharimu pesa. Tuulizeni sasa, kabla ya simu kulia.