Gobori, Mdeki na Mrao: Somo la Bunduki ya Kushindiliwa kwa Msomaji wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Makala hii imetokana na aibu. Katika semina moja ya shahada ya uzamili niliwasilisha uchambuzi wa kisa cha vita vya karne ya 19, na kurasa tatu nzima nilizitumia kueleza moshi uliotanda baada ya bunduki kulia. Nilidai kwamba moshi huo ni ishara ya giza la ukoloni, na kwamba kimya kilichofuata ni ishara ya kukata tamaa. Mhadhiri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Bunduki gani hiyo?" Sikuwa na jibu. Wenzangu nao hawakuwa nalo, ingawa sote tulikuwa tumelisoma neno gobori tangu shule ya upili na kulitolea maana ya "bunduki ya zamani", tukaridhika.

Ifahamike kwamba sehemu kubwa ya maandishi yetu ya kale yanayotaja vita yanahusu silaha ambayo msomaji wa leo hajapata kuigusa. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wajerumani katika Mrima, wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi aliyejulikana kama Tippu Tip, na tenzi za Maji Maji, yote ni maandishi ya watu walioijua silaha hiyo kwa mikono yao, au walioishi na walioijua. Hawakuhitaji kumweleza msomaji wao jinsi inavyofanya kazi. Sisi twahitaji kuelezwa, na ndilo lengo la makala hii.

Gobori na ndugu zake

Gobori ni bunduki inayotiwa baruti na risasi kupitia mdomoni mwa mtutu. Haina tundu la nyuma la kupokelea risasi kama bunduki za leo. Tofauti baina ya gobori na gobori imo katika jinsi moto unavyoifikia baruti, na hapa ndipo Kiswahili kilipojiwekea akiba ya msamiati ambao kamusi za kale zimeuhifadhi ilhali madarasa yetu yameutupa.

Ya kwanza ni bunduki ya mrao. Mrao ni utambi unaowaka polepole. Mpigaji huuwasha kabla ya pambano, na afyatuapo, mtambo huushusha utambi huo hadi kwenye kifa, yaani pale palipotiwa baruti kidogo ya kupokelea moto. Nchini Omani bunduki ya aina hii huitwa abu fatila, "baba wa utambi", na iliendelea kutumika huko muda mrefu baada ya kuachwa Ulaya. Mwenye mrao hawezi kujificha usiku, kwani kaa la utambi wake laonekana, na mvua ikinyesha hana bunduki tena ila rungu.

Ya pili ni bunduki ya gumegume. Gumegume ni jiwe gumu ambalo likigongwa kwenye chuma hutoa cheche. Mtambo huo ulikamilika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, na ndio uliotawala majeshi ya Ulaya kwa takriban miaka 200. Jiwe lenyewe huchakaa, na likichakaa hugonga bila kutoa cheche. Siku hizi neno gumegume twalisikia zaidi Tanzania likimsema mwanamume asiyefaa kitu nyumbani. Sidhani mtu ametuthibitishia chanzo cha matumizi hayo, lakini aliyewahi kulifyatua gobori lenye jiwe lililochakaa, mnyama akiwa mbele yake, asingehitaji ushahidi zaidi.

Ya tatu ni bunduki ya fataki. Mwaka 1807 kasisi mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kutumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Baadaye kemikali hiyo ikatiwa katika kijikofia cha shaba kinachovikwa kwenye kifa. Mvua haikuwa tena adui mkubwa. Neno fataki lenyewe limetoka Bara Hindi, lilikomaanisha kitu kipasukacho kwa kishindo, na hadi leo twalitumia pia kwa baruti za sherehe.

Mintarafu ya asili za maneno, uwanja huu ni ramani ya Bahari ya Hindi. Baruti, risasi na kibiriti yametoka katika Kiarabu. Risasi maana yake ya awali ni ile madini nzito yenyewe, na kibiriti ni salfa kabla ya kuwa njiti za kuwashia moto. Shura, yaani chumvi inayochukua takriban robo tatu ya baruti nyeusi, imetoka Bara Hindi na Uajemi. Mdeki ni wa Kiarabu, kutokana na tendo la kuponda. Ila tukifika kwenye kitendo, Kibantu chajitokeza: kushindilia, kufyatua, mtambo. Mtambo na kufyatua ni maneno ya mtego wa porini kabla hayajawa maneno ya bunduki. Mswahili aliitazama bunduki akaona mtego unaobebwa begani. Mitambo ya kuchapisha vitabu na mitambo ya umeme ilifuata nyuma.

Jinsi linavyoshindiliwa

Mzee mmoja wa upande wa Tanga, aliyewinda nguruwe mwitu wa mashambani katika ujana wake, ndiye aliyenifundisha sehemu hii. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu alicheka. "Mjukuu wangu," akaniambia, "umesoma vita vyote hivyo na hujui kushindilia?" Kisha akachukua fimbo yake ikawa mtutu, na kijiti kikawa mdeki.

Kwanza hupimwa baruti. Haimiminwi moja kwa moja kutoka kwenye pembe kubwa ya akiba, maana mtutuni huenda mna kaa dogo lililosalia kutoka mlipuko uliotangulia, na moto ukipanda utaikuta pembe nzima mkononi. Hupimwa katika kikombe kidogo, ndipo ikamiminwa. Kipimo hicho kiliitwa kiasi. Baadaye kiasi kikawa pia jina la baruti na risasi zilizofungwa tayari ndani ya karatasi, ambayo askari aliipasua kwa meno. Karatasi ya namna hiyo, iliyovumishwa kuwa imepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, ilichangia kuzusha uasi mkubwa wa askari wa India mwaka 1857.

Baada ya baruti hutiwa kizibo cha makumbi au kitambaa, kisha risasi moja ya mviringo au marisau kadhaa, kisha kizibo tena ili vitu visimwagike mtutu ukielekezwa chini. Kila kimoja husukumwa kwa mdeki hadi kikae. Hapa mzee alikaza sauti. Risasi sharti iikalie baruti kabisa. Ikiachwa katikati na pengo chini yake, mlipuko unaweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua, na anayepasuliwa pamoja nao ni mpigaji. Kwa hiyo mdeki wake alikuwa ameutia alama mbili: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa. Akiuingiza, alama humwambia kilichomo ndani. "Mdeki ndio macho ya gobori," alisema.

Mwisho kabisa, wala si kabla, hutiwa baruti kwenye kifa au huvikwa fataki, na mtambo hupandishwa.

Mambo haya yote yahitaji muda. Askari aliyefunzwa vyema, mwenye viasi vya karatasi na mtutu laini, aliweza kupiga mara tatu kwa dakika. Mwindaji mwenye pembe na makumbi hakuikaribia kasi hiyo. Mwenye bunduki yenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu alichelewa zaidi, kwani risasi yake huvikwa kitambaa chenye mafuta na kulazimishwa ishike mifereji. Faida yake ni kwamba ilizunguka hewani na kwenda mbali kwa unyoofu, ilhali mtutu laini haukutegemewa sana kumpata mtu mmoja aliye zaidi ya mita 100.

Tena zingatia hofu. Baada ya mapigano ya Gettysburg nchini Marekani mwaka 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000. Kwa mujibu wa taarifa ya wakati huo, takriban 24,000 zilikuwa zimeshindiliwa na hazijapigwa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na viasi viwili ndani. Katika kelele ile askari hakujua kwamba bunduki yake haikulia. Akashindilia juu ya iliyoshindiliwa. Hao walikuwa watu waliofunzwa kwa ngoma na amri. Anayesoma kwamba bunduki ya shujaa "ilikataa" asikimbilie uchawi kabla hajaifikiria baruti yenye unyevu, kifa kilichozibwa na masizi, au mkono uliotetemeka.

Kuhusu bunduki inayokataa, mzee alikuwa na sheria moja: usiitazame mdomoni. Ielekeze pasipo na mtu, usubiri dakika nzima au zaidi, kwani moto huweza kuwa unatambaa ndani. Aliongeza kwamba baruti ya kisasa isiyotoa moshi haitiwi kamwe katika gobori. Nguvu yake yaweza kuupasua mtutu. Alimjua mtu aliyepoteza vidole vitatu kwa kosa hilo.

Maji moto

Nilidhani silaha hupigwa, basi. Kumbe nusu ya maisha ya gobori ni kusafishwa. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa bali hubaki kama chembe ngumu: sehemu yake ndio ule moshi mweupe mzito, na sehemu hung'ang'ania ndani ya mtutu. Masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa, na katika hali ya pwani usiku mmoja watosha kuleta kutu. Dawa yake ni rahisi: maji ya moto na sabuni, kitambaa kwenye ncha ya mdeki, kusugua hadi kitambaa kitoke cheupe, kukausha kabisa, kisha mafuta. Maji ndiyo yanayoyayeyusha masizi. Mafuta ya taa au ya mashine pekee hayatoshi. Moto wa maji nao husaidia chuma kikauke upesi.

Masizi yana athari nyingine vitani. Kila mlipuko huupunguza upana wa mtutu, hivyo risasi ya sita au ya saba huingia kwa shida kuliko ya kwanza. Pambano likiendelea, kasi ya wapigaji hushuka hata kama hawajachoka wala kupungukiwa na baruti.

Gobori lilidumu kwa nini?

Ulaya ililiacha gobori katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kwetu lilibaki, na sababu haikuwa ushamba. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa sahihi kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, sheria ya kimataifa ilimchagulia Mwafrika silaha iliyopitwa na wakati. Miaka 15 baadaye, katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wenye magobori, mikuki na mishale walisimama mbele ya bunduki za rashasha.

Imani kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji, iliyo kiini cha tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, nimeisikia ikijadiliwa mara nyingi kama ujinga au kama itikadi ya kuunganisha makabila. Sijasikia ikijadiliwa na mtu aliyefikiria kwamba wapiganaji wale walizijua bunduki. Walijua kwamba gobori hukataa, kwamba maji huiua baruti, kwamba unyevu kidogo kwenye kifa huifanya bunduki kuwa fimbo. Kwa mtu wa gumegume, maji kuishinda bunduki ni jambo aliloliona kila masika. Sisemi kwamba hapo ndipo imani ilipotoka. Nasema tu kwamba ilipofika, haikukuta akili zisizo na mfano wake.

Hata hivyo tujihadhari. Moshi peke yake hautoshi kuthibitisha gobori. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyoshindiliwa kwa nyuma kwa kasha la chuma, nayo ilitumia baruti nyeusi, na askari wengi wa Wajerumani Afrika Mashariki walikuwa nayo hadi 1914. Katika matini, atafutaye gobori atafute mdeki, kiasi, kifa, au kitenzi kushindilia. Na atafute kimya baada ya mshindo.

Kimya hicho ndicho kilichokuwa katika kisa changu cha semina. Wapiganaji walipiga wote kwa pamoja, mapema mno, adui akiwa bado mbali. Moshi ukatanda wasione mbele. Walihitaji karibu nusu dakika kushindilia tena, na mtu anayekimbia huzimaliza mita 100 kwa muda mfupi kuliko huo. Mwandishi hakusema lolote kuhusu kukata tamaa. Alisema kulikuwa kimya, kisha adui akawa miongoni mwao. Nilizifuta zile kurasa tatu, nikaandika aya moja, nikamrudishia mhadhiri. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza mdeki ni nini hasa.