Umeandikiwa Dawa ya Wasiwasi? Anza kwa Kuuliza Jina Lake

Bahasha ile ndogo ya karatasi unaijua. Ndani mna vidonge kumi, juu yake mtu ameandika kwa kalamu "1×1 usiku", basi. Mama mmoja aliniletea ya kwake kwenye dirisha la dawa akitaka nimwongezee "zile zile". Nikamuuliza dawa inaitwaje. "Ya wasiwasi, mwanangu. Moyo ulikuwa unanienda mbio." Alikuwa akiimeza kila usiku tangu kabla ya Ramadhani, na tulikuwa tumekwisha kula Idi ya kuchinja. Tulipopiga simu kule alikoandikiwa, tukaambiwa ni diazepamu, na kwamba alipewa ya siku kumi tu. Zilizofuata alizinunua mwenyewe, duka hadi duka, kwa kuonyesha bahasha.

Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba "dawa ya wasiwasi" ni jina la ukoo mzima, na kwamba wanaukoo hawafanani hata kidogo. Ziko zinazotuliza upesi na zisizofaa kutumiwa kwa muda mrefu. Ziko zinazochelewa kufanya kazi, nazo ndizo zinazotibu. Kosa ninaloliona kila siku ni watu kuzigeuza: wanang'ang'ania ile ya haraka, na ile ya polepole wanaitupa wiki ya kwanza.

Kwa hiyo kabla hujaondoka dirishani, omba jina la dawa liandikwe juu ya bahasha, pamoja na miligramu zake. Ni haki yako, na ni kazi ya nusu dakika.

Ukikuta diazepamu, lorazepamu, klonazepamu au alprazolamu, jua umepewa ya haraka. Diazepamu ilianza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium, na wazee wengi bado huiita hivyo. Ukiimeza, ndani ya saa moja hivi mwili unalegea na hofu inashuka. Ina kazi yake ya heshima: mtu aliyeshikwa na hofu kali asiyeweza hata kuketi, mgonjwa wa degedege, mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji. Lakini kwa wasiwasi, muda wake ni siku chache, na ukizidi sana ni wiki mbili hadi nne. Baada ya hapo ubongo unaizoea, kidonge kimoja hakitoshi tena, na ukikikosa wasiwasi unarudi mkali kuliko ule wa mwanzo. Hapo mtu hudhani ugonjwa umezidi, kumbe anachokipata ni kilio cha mwili uliozoea dawa.

Ukiwa na dawa hizi, pombe usiiguse. Mwambie daktari pia kama unatumia tramadoli au dawa nyingine kali ya maumivu, kwa sababu zikikutana zinaweza kuzima pumzi usingizini. Dereva wa bodaboda asiendeshe akiwa amezimeza. Na mzee wa miaka 70 anayeamka usiku kwenda chooni huku dawa hii imo kichwani huanguka, na nyonga ya mzee ikivunjika si jambo dogo.

Kundi la pili ni fluoksetini, sertralini, esitalopramu na ndugu zao. Kwenye pakiti majina yameandikwa kwa Kiingereza lakini hutayakosa, matamshi ni hayo hayo. Ukisoma karatasi iliyomo ndani utaona zinatajwa kuwa dawa za sonona, na wengi hapo hushtuka: "Mimi nilisema nina wasiwasi, mbona wananitibu sonona?" Daktari hajakosea. Dawa hizi zinafanya kazi kwenye magonjwa yote mawili, na kwa wasiwasi unaodumu ndizo zinazotangulizwa karibu kila mahali duniani.

Hapa nataka usome taratibu, maana ndipo wengi wanapokwamia. Siku ya kwanza hutahisi nafuu. Siku ya tatu huenda ukahisi kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, na wasiwasi wenyewe kupanda kidogo. Mtu asiyeonywa anasema dawa imemkataa, anaiacha. Aliyeonywa anaimeza asubuhi baada ya chai na kitafunio, anamwomba daktari aanze na nusu ya dozi kama mwili wake ni mwepesi wa kuhisi dawa, na anavumilia. Kichefuchefu mara nyingi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita, na mara nyingi wa nyumbani ndio huiona kwanza: "Siku hizi unalala." Ukishapona unaendelea nayo miezi sita hadi mwaka, kisha daktari anakushusha hatua kwa hatua. Kuiacha siku ile unayojisikia vizuri ni kuukaribisha ugonjwa tena.

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi kwa aibu: dawa hizi zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kilele. Mwambie daktari waziwazi. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa, na hilo ni bora kuliko kuiacha kimyakimya huku mwenzako akidhani umempata mwingine.

Kwa vijana walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo zinahitaji macho ya familia. Baadhi yao hupata mawazo ya kujidhuru. Kijana akianza kusema maneno ya kukata tamaa, au akawa hatulii kwa namna isiyo yake, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Amitriptilini utaikuta kwenye vituo vingi vya afya kwa kuwa ni ya zamani na bei yake ni nafuu. Huleta usingizi, hukausha kinywa na kufanya choo kigumu. Ukimeza nyingi kwa mara moja inaua kwa kuuvuruga moyo, kwa hiyo ifungie kabatini, mbali na watoto na mbali na mtu aliyekata tamaa. Propranololi ni dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo na mtetemo wa mikono, kwa mfano kwa mtu anayekabiliwa na usaili. Mawazo yenyewe haiyagusi. Mwenye pumu asiimeze kabisa.

Kabla ya dawa yoyote, kubali kupimwa. Tezi ya shingo iliyozidisha kazi na upungufu wa damu huweza kuuendesha moyo mbio, na mgonjwa akaitwa mwenye wasiwasi. Sema ukweli pia kuhusu miraa, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, na dawa za mitishamba unazotumia. Mjamzito au anayenyonyesha ataje hali yake mapema, na kama tayari ameanza dawa asiikatize mwenyewe. Uliza pia kuhusu ushauri nasaha. Kuzungumza kwa mpangilio na mtaalamu kuna uzito sawa na dawa kwa wengi, na kliniki za afya ya akili za hospitali za mikoa na za rufaa haziwahudumii wenye kichaa peke yao.

Yule mama sikumuuzia, lakini pia sikumwambia aache. Nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari. Siku hizi ana daftari la shule, amelichora mistari ya tarehe. Kila baada ya wiki mbili kidonge kinapungua robo, naye anaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Siku akitetemeka anabaki hapo alipo mpaka atulie, halafu anashuka tena.

Kama nawe unazo dawa hizi za haraka nyumbani na umezimeza zaidi ya mwezi, tafadhali usizitupe leo usiku. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Meza kiasi kile kile ulichoandikiwa, na kesho asubuhi ichukue bahasha yako uende nayo kwa daktari.