Kigari cha Mteremkoni

Mwaka 1900, reli ya Uganda ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, Kenya, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba ya chuma. Penye mteremko mkali, behewa lilipanda juu ya kigari chenye umbo la pembetatu, likakaa sawasawa.

Nilichora kigari hicho kwa kompyuta. Nilichukua mteremko wa mita 1 chini kwa kila mita 2 za mlalo, nikaweka pembe ya digrii 30. Behewa likainama! Kumbe nilitumia saini badala ya tanjenti. Pembe ni digrii 26.6.

Wenzangu, tutazamapo miteremko ya Uluguru, tuulize kwanza: umbali umepimwa mlalo, au kufuata mteremko wenyewe?