SOMO LETU: MWANASAIKOLOJIA WA SHULE HUFUNDISHWA VIPI, NA SISI YATUHUSU NINI?



Somo hili linahusu kazi ambayo wengi wetu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, kutoka Magara katika Bugarama mpaka Rumonge, hatujapata kumwona mtu akiifanya. Ni kazi ya mwanasaikolojia wa shule. Huenda mmoja wetu akauliza: sisi tunaokwea michikichi, sisi wa kukamua mawese, sisi wa kuanika ndagala, mambo hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kila mwisho wa mwaka majina ya watoto walioshindwa yanaposomwa, mengi ni ya watoto wetu. Wengine hurudia darasa mara mbili, kisha huacha shule na kutufuata shambani. Ni nani aliyechunguza kwa nini walishindwa?

1. Kazi yenyewe

Saikolojia ni elimu ya nafsi na akili ya mtu: jinsi anavyokua, anavyojifunza, anavyokumbuka na anavyoogopa. Mwanasaikolojia wa shule hatoi dawa kama daktari, wala hafundishi hesabu kama mwalimu. Kazi yake ni kutafuta chanzo cha taabu ya mtoto kabla ya watu kutoa hukumu, kisha kukaa na mwalimu na mzazi wapange la kufanya.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 11 hawezi kuandika anayosomewa. Mwalimu amesema ni mvivu, na baba amemchapa. Fundi wa kazi hii ataanza na maswali. Je, mtoto anaona ubao vizuri? Anasikia? Amekula asubuhi? Analala saa ngapi? Nyumbani kuna msiba au ugomvi? Lugha ya darasani anaielewa? Mara nyingi jibu hupatikana hapo, kabla hata ya kufungua kitabu cha vipimo.

Swali la lugha sisi wa Rumonge twalifahamu. Watu wengi waliokimbia mwaka 1972 walirudi mwaka 2008 na 2009 kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania. Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili, kwa mtaala wa Tanzania. Huku walikuta shule ya Kirundi na Kifaransa. Mtoto anayejua kugawanya na kuzidisha anaweza kukaa kimya mbele ya swali la Kifaransa, akahesabiwa kuwa mzito. Akili yake ni ile ile aliyovuka nayo mpaka. Anayehitaji kufundishwa lugha asirudishwe kujifunza hesabu anazozijua.

2. Ilikoanzia, na ilivyopotoshwa

Mwaka 1896, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Lightner Witmer alifungua kliniki ya kuwasaidia watoto wenye taabu ya masomo. Mtoto wa kwanza aliletwa na mwalimu kwa sababu hakuweza kuandika maneno sawasawa. Mwaka 1905 huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha akili. Kusudi lao lilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi, ili wapewe msaada huo.

Lakini chombo kizuri kikiingia mkono mbaya huumiza watu. Henry Goddard alikichukua kipimo hicho akakipeleka Marekani. Mwaka 1913 wasaidizi wake walikitumia katika kituo cha Ellis Island, mlangoni mwa New York, kwa wahamiaji maskini waliokuwa wametoka kushuka melini. Watu hao waliulizwa maswali kupitia mkalimani, na wengi wa waliopimwa wakaandikwa kuwa ni wapungufu wa akili. Walikuwa wakulima na vibarua, watu wa jasho kama sisi. Hapo ndipo tunapoona kwa nini mafunzo ya mtu anayeshika kipimo si jambo dogo.

3. Ngazi za mafunzo

Kiwandani hatumwachii mgeni mashine siku ya kwanza. Hutazama, husaidia, hufanya huku akitazamwa, na mwisho huachiwa. Mwanasaikolojia wa shule hupita njia hiyo hiyo.

Huko Ufaransa sheria ya mwaka 1985 inalilinda jina la mwanasaikolojia: haruhusiwi kulitumia ila mtu mwenye masomo yanayotakiwa. Mwanafunzi husoma miaka 3 ya shahada ya kwanza na miaka 2 ya uzamili, na ndani yake hufanya staji isiyopungua saa 500. Tangu mwaka 2017 wanasaikolojia wa shule za serikali wamewekwa katika kada moja. Wanaingia kwa mtihani wa ushindani, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kuthibitishwa.

Huko Marekani, chama cha taifa cha wanasaikolojia wa shule kinataka staji ya saa 1,200, na angalau saa 600 zifanyike shuleni. Tukihesabu kwa zamu yetu ya saa 8, hizo ni siku 150 za kazi chini ya msimamizi. Chama hicho hicho kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja asizidishiwe wanafunzi 500.

Karibu na kwetu, vyuo vikuu vya Kongo vilipounganishwa kuwa kimoja mwaka 1971, masomo ya saikolojia na elimu yaliwekwa Kisangani. Kwa miaka mingi njia ya Kongo ilikuwa miaka 3 ya ngazi ya kwanza na miaka 2 ya ngazi ya pili. Kenya nayo ilipata sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Burundi huko Bujumbura kina Kitivo cha Saikolojia na Sayansi za Elimu. Mtoto wa mfanyakazi mwenye nia ya kazi hii amalize sekondari, afaulu Mtihani wa Taifa, kisha ajiandae kwa safari ya miaka 5: miaka 3 ya ngazi ya kwanza na 2 ya uzamili.

Wanafunzi hao hujifunza ukuaji wa mtoto, namna ya kusoma na kuandika inavyoingia akilini, matumizi ya vipimo pamoja na hesabu zake, namna ya kuzungumza na wazazi, na kutunza siri. Jambo la siri tulikazie. Aliyoyasema mtoto au mzazi hayapelekwi sokoni, wala kwa mwajiri.

4. Kipimo na gari la waya

Kuna jambo jingine ambalo mafunzo mema humfundisha mtu: kukitilia shaka kipimo chenyewe. Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na watoto wa Manchester, Uingereza, akatoa matokeo mwaka 1979. Walipopewa kalamu na karatasi waige umbo, watoto wa Manchester walishinda. Walipopewa waya waunde umbo hilo, watoto wa Lusaka walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Sababu yafahamika: mtoto wa Lusaka alizoea kuunda magari ya waya, na mwenzake alizoea kalamu.

Basi tufikiri. Mtoto wa Bugarama anayejua kufuma wavu na kusoma upepo wa ziwa, akipimwa kwa picha za vitu ambavyo hajapata kuviona, kipimo hicho kitapima nini? Kitapima umbali kati ya kijiji chake na mji wa mtunga kipimo.

5. Tusimame wapi?

Kwanza, tusikubali mtoto aitwe mjinga kwa neno la mdomo. Tuulize kwa adabu: amechunguzwa na nani, kwa lugha gani, na macho na masikio yake yamepimwa?

Pili, tusimtwike fundi huyu mzigo usio wake. Darasa likijaa kupita kiasi, daftari likikosekana na mtoto akienda na njaa, hilo si ugonjwa wa nafsi ya mtoto. Ni suala la madarasa, walimu na ujira wa mzazi. Mwanasaikolojia mwema husema hivyo wazi. Asitumiwe kufunika uhaba.

Tatu, tudai kazi hii iingie katika shule za watoto wa mashambani na viwandani. Hata mwanasaikolojia mmoja anayezungukia shule kadhaa, akifanya kazi na walimu, aweza kumwokoa mtoto ambaye taabu yake ni miwani tu.

Nne, tuache fimbo kwanza. Mtoto aliyeshindwa huja nyumbani akiwa tayari na hofu, na hofu haimfundishi mtu kusoma.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Katika shule ya watoto wetu, mtoto akishindwa mfululizo, ni nani humsikiliza?
2. Ni watoto wangapi katika kambi yetu wameacha shule, na je, tunazijua sababu zao?
3. Tawi laweza kufanya nini pamoja na kamati ya wazazi ili watoto wapimwe macho na masikio mwanzoni mwa mwaka?
4. Kati ya vijana wetu waliomaliza sekondari, yupo anayefaa kutiwa moyo asomee kazi hii?

Majibu yaandikwe na katibu wa tawi, yasomwe mbele ya wote, kisha yapelekwe kwa mwalimu mkuu na kwa kamati ya wazazi. Mtoto wa mfanyakazi ana haki ya kuchunguzwa kabla ya kuhukumiwa.